Picha ya Shangazi Mbele ya Ubao

Wiki jana mliniacha nimesimama katika chumba cha mashauri cha ofisi ya hataza, macho kwenye skrini ya ukutani. Wakili wa kampuni kubwa alikuwa ametuahidi ushahidi wa kutumaliza kabisa. Akabonyeza kitufe. Nilitegemea kuona majedwali na michoro. Akatokea shangazi yangu, meno yote nje.

"Hapo nimetoka vizuri," Shangazi akasema kutoka viti vya nyuma, na chumba kizima kikamsikia.

Kwa wewe unayeanza leo, kisa ni kifupi, ingawa mimi kimenizeesha. Mimi na mwenzangu wa maabara, ambaye kwa urefu na wembamba wake tunamwita Pipeti, kama ule mrija wa maabara, tumetengeneza dawa ya mwasho. Tukaiombea hataza, yaani ile haki inayosema uvumbuzi huu ni wenu na mtu mwingine asiuguse bila ruhusa yenu. Kampuni kubwa ikaweka pingamizi. Tangu hapo mikosi imehamia kwangu na virago vyake. Friji ya sampuli iliungua. Mwenye nyumba alitukatia maji. Pipeti, bingwa wa mwasho, alishikwa na tetekuwanga siku ya kikao cha kwanza, akatoa ushahidi huku anajikuna.

Mfadhili wetu alishasema bila kuzunguka: hataza ikikataliwa, anaondoka. Akiondoka, maabara inafungwa, na dawa inabaki kwa wenye nguvu. Basi hapo ndipo tulipokuwa, na juu ya skrini alikuwa Shangazi.

Dawa yenyewe naieleza upesi, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nilitaka kuingia chini ya meza. Ngozini kuna neva, na juu ya seli za neva kuna vipokezi. Kipokezi ni kengele ya mlangoni. Kemikali fulani ikija ikabonyeza kitufe, seli inapeleka habari kwenye ubongo, nawe unajikuna. Dawa nyingi za wenzetu hukata waya wa kengele. Mwasho unakwisha kweli, lakini hata chai ya moto ikikumwagikia mapajani huna habari.

Yetu haikati kitu. Inajibana ubavuni mwa kipokezi, mbali na kitufe, na kukifanya kilie kwa sauti ya chini. Unasikia kinachopaswa kusikika, basi. Huo ubavu ndio uvumbuzi wetu. Wengine wote walikuwa wanahangaika na kitufe.

Nilianza kuitafuta kwa ajili ya mdogo wangu. Alipokuwa mtoto alilala na soksi mikononi asije akajichuna ngozi, na mimi nililala nimemshika mkono mmoja. Shangazi, aliyetulea baada ya wazazi wetu kufariki, alimshika wa pili. Kwa hiyo watu wakiniuliza nimejifunza wapi habari za mwasho, huwa sitaji chuo kwanza.

Sasa turudi kwenye skrini.

Wakili wa kampuni ni mama mmoja mpole, sauti ya kubembelezea watoto, na hiyo ndiyo hatari yake. Aliomba radhi kwa Shangazi kwa kuonyesha picha yake bila kumwarifu. Shangazi akamjibu, "Usijali, mwanangu, nina nyingine nzuri zaidi." Yule mama akatabasamu, akasema hizo pia atazionyesha.

Halafu akaikuza picha. Shangazi akawa mkubwa, kilemba kikawa kikubwa kumshinda, na nyuma ya kilemba ukaonekana ubao mweupe wa maabara yetu. Juu ya ubao, kwa mwandiko wa Pipeti ambao unaweza kusomwa kutoka barabarani, palikuwa na molekuli yetu.

Nikaikumbuka siku ile. Shangazi alikuja kuniona kazini kwa mara ya kwanza, amevaa kilemba kipya, amebeba chupa ya chai. Nikampitisha kila mahali. Nikamwacha peke yake na simu yake chumba cha ubao, nikaenda kupokea yangu. Pipeti ana tabia yake: hafikiri mpaka ajaze ubao, na hafuti mpaka Ijumaa. Ile haikuwa Ijumaa.

"Picha hii," akasema wakili wa kampuni, "ilitumwa na mama huyu kwenye kundi la simu lenye watu zaidi ya mia. Ilitumwa kabla maombi ya hataza hayajaletwa hapa."

Sheria ya hataza ina moyo mmoja tu: jambo liwe jipya. Likishaonwa na umma kabla hujaliandikisha, si jipya tena, hata kama aliyelionyesha ni wewe mwenyewe. Hata kama ni shangazi yako.

Wakili wetu tunamwita Peremende kwa sababu hakosi moja shavuni. Akainuka taratibu, akaisogelea skrini, akainamisha shingo kushoto, akainamisha kulia. Halafu akamwomba Mwenyekiti wa jopo naye aangalie vizuri. Mwenyekiti ni mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, mtu wa kusikiliza mpaka mwisho. Akaangalia.

Kilemba cha Shangazi kilikuwa kimeziba nusu ya molekuli, na nusu iliyozibwa ndiyo ile inayojibana ubavuni. Iliyobaki ilikuwa kemia ya kawaida ambayo mwanafunzi yeyote anaijua. Peremende akasema kwa heshima kwamba mama huyu hakufichua uvumbuzi, aliufunika, tena kwa kitambaa kizuri.

Chumba kikacheka. Mwenyekiti akakubali kwamba picha haitoshi. Nikageuka kumtazama Shangazi, naye akakirekebisha kilemba chake cha siku hiyo kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa cheo. Nilimpenda kuliko siku zote.

Raha ile haikudumu. Wakili wa kampuni akaonyesha picha ya pili, iliyotumwa siku ile ile kwenye kundi lile lile.

Katika picha ya pili Shangazi alikuwa amegeuka upande ili watu waone hereni. Kilemba kikawa kimehama. Molekuli ikawa peupe, mkono wa kushoto na wa kulia, na mshale mwekundu umeuelekea ule unaojibana, na pembeni mwa mshale Pipeti ameandika kwa herufi kubwa: INAKAA UBAVUNI. Amepiga mstari mara mbili.

Pipeti, aliyekuwa kando yangu, akajishika kichwa. Nikamnong'oneza kwamba tukitoka salama nitamnunulia kifutio. Hakucheka.

Mtauliza kwa nini mimi mwenyewe sikuziona picha hizo mapema. Nitawaambia, mnicheke. Kundi lile la familia nilikuwa nimelizima mlio muda mrefu. Asubuhi salamu, mchana maua, jioni maombi, katikati mtu ameuliza nani kachukua sufuria yake. Mimi niliyetumia ujana wangu kutafuta namna ya kupunguza sauti bila kuizima, simu yangu niliizima kabisa.

Peremende hakukata tamaa. Akahamisha peremende shavu la pili na kuuliza kundi hilo linaitwaje. Wakili wa kampuni akasoma jina: Sisi kwa Sisi.

Basi Peremende akaishika hapo hapo. Jambo lililosemwa ndani ya nyumba, kwa watu wa nyumba, halijatoka kwa umma. Ndugu wana wajibu wa kutunziana mambo, na jina la kundi lenyewe linasema hivyo. Kama waliomo ni ndugu, picha bado iko ndani ya nyumba, na uvumbuzi bado ni mpya.

Mwenyekiti akaona hoja ina uzito. Akaamuru mimi nipande kizimbani, niape, niulizwe waliomo ni nani.

Hapo ndipo nilipojua kwamba familia yangu sijawahi kuitazama vizuri.

Orodha ya kundi ikapanda kwenye skrini. Wakili wa kampuni akaanza na mtu aliyeandikwa Fundi Bomba. Akaniuliza kama ni ndugu yetu. Nikasema ni ndugu.

"Kwa upande gani?"

"Alikuja kuziba bomba siku tuliyofiwa na mjomba. Akaziba, akakaa na wafiwa, akabeba jeneza, akarudi kuosha vyombo. Tangu siku hiyo hatujawahi kumwuliza upande."

Mwenyekiti akaandika kitu. Wakili akashuka chini kidogo. Alikuwapo mama wa duka la vitunguu, ambaye alimlisha mdogo wangu Shangazi alipolazwa hospitali. Ndugu. Alikuwapo mwalimu wangu wa hesabu wa darasa la nne. Ndugu, tena mkali. Halafu wakafika kwa mwanamke mmoja, nikajikwaa kidogo, maana ni mke wa zamani wa binamu yangu.

"Wameachana kisheria?" akauliza.

"Yeye aliachana na binamu yangu. Na sisi hakuachana."

"Na binamu mwenyewe yuko wapi kwenye orodha?"

Ikabidi niseme ukweli kwamba binamu alitoka kundini mwenyewe, kwa hasira, na mke ndiye aliyebaki. Mwenyekiti akavua miwani, akafuta machozi ya kicheko, akairudisha. Nadhani na yeye ana kundi kama hilo.

Akatoa mwongozo ambao Peremende aliuandika kiganjani kwa furaha. Akasema ofisi yake haina kazi ya kuwafundisha watu namna ya kuhesabu ndugu zao. "Lakini," akasema, "mtu awe amehesabiwa kabla ya picha, si baada ya kesi."

Nikavuta pumzi. Mpaka hapo kila aliyetajwa alikuwa wetu wa miaka. Pipeti akaacha kushika kichwa. Mfadhili, aliyekaa pembeni tangu asubuhi kama mtu anayesubiri basi la kuondokea, akafungua kifungo cha koti. Nikaanza kuwaza maneno nitakayomwambia mwenye nyumba kuhusu maji.

"Nimebakiza mmoja," akasema wakili wa kampuni. "Ameandikwa Mkwe."

Sasa hapa lazima niwape habari ya mtu ambaye nimekuwa nikimkwepa katika simulizi hii tangu ianze. Mdogo wangu ana mtu wake. Jina lake nalijua, ila midomo yangu inagoma kulitamka. Shangazi anamwita mkwe. Mimi namwita yule.

Makosa yake ni mengi. Anacheka kabla kichekesho hakijafika. Viatu vyake vina ncha. Siku tuliyokutana aliniambia, "Kumbe dada ndiye mtaalamu wa kujikuna." Lakini hayo yote nayatia chumvi, na ninyi mmeshanijua. Ukweli ni kwamba nina wivu. Ule mkono niliolala nimeushika utotoni, sasa anaushika yeye, na soksi haihitajiki tena. Ngozi ya mdogo wangu imetulia, na dawa niliyoitafuta kwa ajili yake imemwachia nafasi ya kunihama.

Shangazi kwa upande wake alikuwa ameshazama katika arusi. Ukumbi ulishawekwa. Nguo za wanawake wote wa familia zilishakatwa, rangi moja, na yeye alikuwa anafanya mazoezi ya kucheza sebuleni mlango umefungwa, akidhani hatumsikii. Asubuhi hiyo hiyo, tukiingia ofisi ya hataza, alimtambulisha yule kwa mlinzi wa getini: "Huyu ni mkwe wangu, mzuri eh?" Mlinzi akakubali, angefanyaje.

"Bwana huyu yuko humu ndani," akasema wakili wa kampuni. "Naomba asimame."

Akasimama. Alikuwa amekaa nyuma, katikati ya mdogo wangu na Shangazi, na begani amening'iniza mkoba wa Shangazi kwa sababu alikabidhiwa tangu getini. Akasimama nao.

Akaulizwa anafanya kazi wapi. Akasema kiwanda cha sabuni, kitengo cha lebo. Mimi sikuwahi kumwuliza, maana kumwuliza kungekuwa kuzungumza naye.

"Kiwanda hicho ni cha nani?"

"Ni cha wenyewe," akasema. "Sisi tunaona meneja tu."

"Ni chetu," akasema wakili wa kampuni kwa upole wake. "Tulikinunua mwaka juzi."

Nilimwona yule akibadilika uso. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakucheka. Mdogo wangu akamtazama, kisha akanitazama mimi, na mimi nikatazama viatu vyenye ncha.

Kilichofuata alikisema mwenyewe, bila kulazimishwa, na sauti yake ilikuwa ndogo. Ile picha ya kwanza ya Shangazi aliipenda, na ya pili akaipenda zaidi. Akaiweka kwenye kompyuta yake ya kazini, pale mbele, kila anayewasha aione. Wenzake wakamwuliza ni nani. Akawaambia ni mama mkwe wake, na ule ubao nyuma ni akili ya shemeji yake.

"Ulisema hivyo?" nikamwuliza kutoka kizimbani, ingawa sikuwa na ruhusa ya kuuliza.

"Nilikuwa najivuna, Dada," akasema.

Siku moja akaja mgeni kutoka makao makuu, mtu wa kemia, akainama kwenye kompyuta ile muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Akaomba atumiwe picha. Yule akamtumia, akidhani amekipenda kilemba.

Sijui kama mmewahi kumchukia mtu miezi na miezi halafu akaondoka mwenyewe na chuki yenu mfukoni. Nilibaki nimeshika mbao za kizimba.

Peremende akaomba dakika ya kusema na mimi. Akanijia karibu, akaninong'oneza, na harufu ya mnanaa ikaja na maneno. Nikisema kijana huyu ni ndugu yetu tangu kabla ya picha, basi alikuwa na wajibu wa kutunza mambo ya nyumba. Kuitoa picha kwa mgeni kulikuwa kuvunja wajibu huo, na sheria haitatuadhibu sisi kwa kosa lake. Hataza inapona. Yeye ataandikwa katika uamuzi kama mtu aliyetoa siri ya familia, na uamuzi unasomwa na kila mtu.

Nikisema alikuwa mgeni, yeye hana kosa lolote. Mgeni hana siri ya kutunza. Lakini hapo Shangazi atakuwa amemwonyesha mtu wa nje, na mtu wa nje ndio umma wenyewe. Hataza inakufa, maabara inafungwa, na mdogo wangu atakuwa amenisikia nikimkataa mtu wake mbele ya jopo.

"Chagua vizuri," Peremende akasema, akarudi kukaa. Kwa mara ya kwanza nilimwona akitafuna peremende badala ya kuinyonya.

Wakili wa kampuni akaniuliza taratibu, kama anayeniuliza njia ya sokoni. "Huyu bwana ni nani kwenu?"

Nikamtazama mdogo wangu. Hakuwa analia, hakuwa ananisihi. Alikuwa ameweka mkono wake juu ya kiti, kiganja juu, kama alivyokuwa akilala zamani. Nikajua kwamba habari ya hataza nitaisahau siku moja, lakini mkono ule sitausahau.

"Ni shemeji yangu," nikasema.

Neno likatoka jepesi kuliko nilivyodhani. Yule, sasa niseme shemeji, akainua kichwa. Mdogo wangu akafumba macho. Peremende akapiga meza kofi la furaha, akaomba radhi kwa Mwenyekiti.

"Tangu lini?" akauliza wakili wa kampuni.

Na mimi nilikuwa nimeapa.

Jamani, ningeweza kusema tangu mwaka jana. Ningeweza kusema tangu siku ya kwanza alipoingia kwetu. Kila mtu angenisadiki, na Pipeti angeninunulia soda. Lakini nilikuwa nimeapa, na zaidi ya kiapo, nilikuwa nimemtazama mtu akisema ukweli unaomwumiza wakati angeweza kunyamaza. Sikutaka kuwa mdogo kuliko yeye mbele ya mdogo wangu.

"Tangu sasa hivi," nikasema.

Kicheko kilichotokea hapo sijawahi kukisikia katika ofisi ya serikali. Katibu alicheka. Mlinzi wa mlangoni alicheka. Mfadhili hakucheka, akafunga kifungo cha koti. Peremende aliinamisha uso mezani na hakuuinua.

Wakili wa kampuni akanishukuru kwa uaminifu wangu, na nadhani alimaanisha. Akamwambia Mwenyekiti kwamba kwa maneno ya mwombaji mwenyewe, bwana huyu alikuwa mgeni siku ya picha. Hana la kuongeza. Akaanza kukusanya makaratasi yake.

"Si mgeni."

Alikuwa mdogo wangu. Alikuwa amesimama. Mwenyekiti akamwonya kwamba yeye si shahidi, halafu, kwa kuwa ni mtu wa kusikiliza mpaka mwisho, akamruhusu.

Mdogo wangu akaingiza vidole ndani ya kola ya blauzi yake, akavuta mkufu mwembamba ambao nilimnunulia mimi mwenyewe. Kwenye mkufu palikuwa na pete.

"Dada hajui, asilaumiwe," akasema. "Tulifunga ndoa kwa msajili, sisi wawili na mashahidi wa njiani. Ilikuwa kabla ya picha. Tulingoja Dada ampende kidogo ndipo tuseme."

Nilitaka kucheka na kulia, vyote vikang'ang'ania mlango mmoja. Wiki kwa wiki nimekuwa nikiwasimulia mikosi yangu, kumbe nyumbani kwangu kulikuwa na arusi nzima imepita na mimi ndiye niliyekuwa mkosi wake.

Peremende alikuwa ameshainuka, mikono juu. Mume wa mtu ni ndugu, akasema, kwa sheria ya nchi yoyote ile. Wakili wa kampuni akamkatiza. Ndoa ambayo familia haikuijua haiwezi kuwa sababu ya familia kumwamini mtu. Wakaanza kusema wote pamoja, mpaka Mwenyekiti akagonga meza.

Akafikiri kidogo. Kisha akasema kwamba anaona njia moja tu. Mwenye kutuma picha ndiye aliyefungua mlango wa nyumba. Kwa hiyo asiulizwe dada, asiulizwe msajili. Aulizwe yeye.

Mimi na Pipeti tukatazamana, na nikamwona anatabasamu. Nami nikatabasamu. Tulikuwa tumeshinda. Shangazi amemwita yule mkwe tangu siku ya kwanza, kamwita mkwe mbele ya jirani, mbele ya mlinzi, ndani ya simu. Hakuna mtu chini ya jua aliyemhesabu kijana yule mapema kuliko Shangazi.

Kisha nikageuka, nikauona uso wake.

Shangazi hakuwa anatazama jopo. Alikuwa anaitazama pete. Nikakumbuka ukumbi uliokwisha kuwekwa. Nikakumbuka nguo za rangi moja, na yale mazoezi ya sebuleni, hatua mbili mbele, moja nyuma, pumzi zinamwishia, na anaanza tena. Alikuwa anajiandaa kumchezea mtoto aliyemlea katika arusi ambayo ilikwishapita bila yeye.

"Mama," Mwenyekiti akamwita kwa sauti nzuri. "Siku ile ulipotuma picha, kijana huyu ulikuwa unamhesabu kama nani kwenu?"

Shangazi akainuka. Akamfuata mkwe wake pale aliposimama, akautoa mkoba wake begani mwake. Akaufungua, akatoa miwani, akaivaa. Akamtazama kuanzia viatu vyenye ncha, akapanda taratibu mpaka nywele. Halafu akamtazama mdogo wangu, na mdogo wangu akaificha pete kiganjani, wakati kila mtu alikuwa ameshaiona.

"Shangazi," nikasema kwa sauti ya chini.

Akaufunga mkoba.

"Mheshimiwa," akamwambia Mwenyekiti, "huyu mtu mimi simjui."

Na katibu akainamisha kichwa, akaanza kuandika.